Bwana ameacha pombe: bibi si askari wake

Katika mitaa mingi ya Goma, Bukavu na Butembo, habari kwamba bwana fulani ameacha pombe inapokelewa kwa kicheko. "Tutaona kama atamaliza mwezi," watu wanasema. Jumamosi inayofuata, kwenye mahari ya binti wa jirani, walewale waliocheka wanamwekea chupa mbele: kamoja tu, kwa heshima ya wakwe. Akirudi nyumbani akiyumba, kosa linatafutwa kwa bibi. Hakumchunga. Anasema sana.

Bibi hakuolewa ili awe askari wa bwana. Anaweza kumsaidia, ndiyo, lakini kumponya hawezi, na familia inayomwachia kazi hiyo peke yake inawapoteza wote wawili.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linahesabu utumwa wa pombe kuwa ugonjwa, na kwa hesabu yake watu milioni 2.6 walikufa kwa sababu ya pombe mwaka 2019. Mwili wa mtu aliyekunywa lutuku au kanyanga kila siku kwa miaka umeizoea. Akikata ghafla, anaweza kutetemeka na kutoka jasho jingi. Siku ya pili au ya tatu anaweza kuanguka kama mwenye kifafa, au kuona vitu ambavyo hakuna mwingine anayeviona. Hapo wengi wanasema ni mashetani, wanamfungia chumbani kwa maombi. Hakuna anayekataza maombi. Lakini hali hiyo inaweza kuua, na hospitali ina dawa zake, pamoja na vitamini B1 ambayo mlevi wa muda mrefu huwa ameikosa. Apelekwe usiku uleule, asingojee asubuhi. Vizuri zaidi ni kumuona muganga kabla ya kuacha. Vituo vya afya ya akili kama Tulizo Letu huko Goma na SOSAME huko Bukavu si vya "wazimu" tu, kama wengi wanavyodhani.

Baada ya siku hizo ndipo kazi ndefu inaanza, nayo iko nyumbani. Mabibi wengi wamezoea kuficha: wanalipa deni la nganda, wanapigia mkubwa wa kazi simu kwamba bwana ana malaria. (Malaria ya kila Jumatatu!) Wanafanya hivyo kwa mapendo na kwa kuogopa haya, lakini mtu asiyeona hasara ya ulevi wake hana haraka ya kuuacha. Deni lake alilipe yeye mwenyewe. Kwa upande mwingine, kumkumbusha kila jioni franga za shule alizokunywa miaka iliyopita kunamrudisha kwa rafiki zake wa chupa, maana wale hawamhukumu. Akianguka mara moja, hilo si mwisho. Arudi kwa muganga, na tarehe ianze upya.

Kuna mpaka mmoja ambao wazee wa familia wanapaswa kuusema wazi. Kumsaidia mgonjwa si kukubali kupigwa. Bibi anayekimbia na watoto kwenda kulala kwao hajamtupa bwana, na kumrudisha kwa neno "vumilia" tu ni kumweka hatarini.

Wakubwa wa serikali nao wana sehemu yao. Mara kwa mara wanatangaza kukataza pombe kali za chupa ndogo, kisha zinarudi mezani karibu na shule, kwa bei ambayo hata asiye na kazi anaipata. Katika mikoa ambako vita vimewaacha wengi bila shamba wala mshahara, bei hiyo ni mtego.

Lakini mahari ya Jumamosi hii haingojei gavana. Wenye karamu wanaweza kuweka juisi na sukre pembeni ya bia, na anayechukua juisi asiulizwe kwa nini.