Kuaga Majengo Kabla ya Kuhamia Upande wa Mtumba

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, kwa uamuzi ambao TANU, chama tawala cha wakati huo, iliupitisha tangu mwaka 1973, mengi yameandikwa kuhusu wanaoingia katika jiji hili, na machache mno kuhusu wanaohama ndani yake, yaani familia zinazoacha mitaa ya zamani kama Majengo ili kujenga kwenye viwanja vilivyopimwa upande wa mashariki, kuelekea Mtumba, ulipo Mji wa Serikali. Kuhama huko kunastahili kuagana ipasavyo. Anayeondoka humwarifu balozi, ambaye ni kiongozi wa nyumba kumi, hulipa madeni ya dukani, hurudisha masufuria aliyoazima wakati wa msiba, kisha hupita kwa majirani waliomlelea watoto bila kuombwa. Hapo ndipo pazito kuliko pote, kwa sababu katika nyumba za kupanga, ambako ua na bomba hutumiwa na wote, jirani hujua kabla ya ndugu nani anaumwa na nani amekosa unga, na mlenda, mboga ya utelezi wanayoipenda sana Wagogo, wenyeji wa Dodoma, hupita mlango hadi mlango bila hesabu. Ni haki, basi, wanaopanga makazi mapya yenye kuta ndefu watenge pia nafasi ya magenge, yaani vibanda vya mboga, na ya vibaraza vya kukaa jioni, ili ujirani wa Majengo upate pa kuota tena.