DHARURA YA SAA SITA HAINGOJI RUFAA



Naomba nafasi katika ukurasa huu nitoe maoni yangu kuhusu wagonjwa wa dharura wa njia ya mkojo na korodani wanaotoka pembezoni mwa Dar es Salaam.

Sipingi matibabu makubwa kuwekwa mahali pamoja. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza. Kazi hiyo inataka mabingwa, mitambo na mazoea, wala haiwezi kutawanywa kila wilaya. Mgonjwa wake hupangiwa siku.

Lakini yapo maradhi yasiyopangiwa siku. Mojawapo ni korodani kujisokota, jambo linalowapata zaidi vijana wa miaka 12 hadi 18. Mishipa ya damu hujinyonga na korodani huanza kufa. Mgonjwa akipasuliwa ndani ya saa 6, mara 9 katika 10 korodani huokolewa. Zikipita saa 24, mara nyingi huondolewa. Upasuaji wenyewe si wa ajabu: msokoto hufunguliwa, kisha korodani zote mbili hushonwa zisijisokote tena.

Sasa tuhesabu saa. Mtoto wa darasa la sita huko Mabwepande anaamka saa nane usiku kwa maumivu. Kwa haya, anamwambia mama yake kwamba tumbo linamuuma. Wanangoja kupambazuke, na saa moja na nusu wako zahanati. Imebaki nusu saa tu. Akipelekwa kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha Mwananyamala, kisha Muhimbili, kila mahali ataanza na daftari na foleni, na barabarani magari yamesimama. Mwenzake wa Chamazi anayepitia Temeke hana nafuu.

Mzee wa tezi dume aliyezibwa mkojo naye haombi bingwa usiku huo. Anahitaji mpira wa mkojo na muuguzi anayejua kuuweka. Akiupata karibu na kwake, upasuaji wa tezi unaweza kungoja. Asipoupata, atasafirishwa mji mzima akiwa na kibofu kilichojaa.

Swali kama hili nchi yetu ilikwisha kulijibu kwa mama wajawazito. Tangu 1963 tulianza kufundisha madaktari wasaidizi, na hao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya. Hatukusema kila mama mwenye uchungu aende Muhimbili. Kwa nini tuseme hivyo kwa kijana huyu?

Hivyo naomba wahusika wafikirie mambo matatu. Kwanza, mtoto mwenye maumivu ya ghafla ya korodani apelekwe moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji kilicho karibu, bila kupandishwa ngazi moja moja. Pili, kila hospitali ya wilaya iwe na daktari wa zamu usiku aliyefundishwa upasuaji huo, na kila kituo cha afya kisikose mipira ya mkojo. Tatu, sisi walimu na wazazi tuwaambie wavulana bila kuficha kwamba maumivu hayo si aibu, na wayaseme saa ile ile.

Jiji hili lina watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022. Haifai wote wategemee mlango mmoja usiku.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mabwepande, Kinondoni,
Dar es Salaam.