Kode ya Wi-Fi ibandikwe ukutani

Nianze na msimamo wangu, maana majirani wanaujua tayari na wengine wameninunia kwa ajili yake: katika parseli ya wapangaji wengi, kode ya Wi-Fi isifichwe. Iandikwe kwa kalamu nene, ibandikwe ukutani karibu na bomba la maji, na kila anayelala humo aisome.

Ninaishi komini ya Tshopo, hapa Kisangani, kwenye parseli yenye nyumba kubwa mbele na vyumba vya nyongeza vilivyojipanga kando ya ukuta hadi nyuma kwenye mwembe. Kazi yangu ni kuchapa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani huniletea kazi zao za kumaliza masomo, nyingine zikiwa zimeandikwa kwa mkono, nyingine zimepigwa picha kwa simu, kivuli cha kidole kimefunika nusu ya aya. Mimi nazichapa, nazipanga, naziwekea yaliyomo, natoa kopi. Mtandao kwangu si starehe. Profesa akituma masahihisho usiku, mwanafunzi anayataka yawe tayari asubuhi kabla hajapanda pikipiki kwenda kuyakabidhi.

Tulipokubaliana kununua ruta moja ya kadi ya simu na kuchanga kila mwezi, hakuna aliyeuliza habari za ufundi. Swali la kwanza lilikuwa: nani atashika kode? Mwenye parseli akasema ni yeye, kwa kuwa kiwanja ni chake. Alitaka aiingize mwenyewe kwenye simu ya kila mtu, na kila simu ilipiwe peke yake. Watu walicheka, kisha wakakasirika. Mkongomani hajasahau RAM, ile rejista ya vifaa vya mkononi iliyoletwa mwaka 2020, yunite zikawa zinakatwa kwenye simu zetu. Mwenye simu ya kisasa alidaiwa dola 7 kwa mwaka, hata kama simu yenyewe ilikuwa ya kusikilizia muziki tu. Kelele zilipigwa hadi ikafutwa mwaka 2022. Basi kijana wa chumba cha pili akasema, kwa adabu kabisa, “Papa, hii sasa ni RAM ya parseli.” Jina likashika.

Kuna sababu nyingine ya kukataa siri, nayo ni kwamba siri yenyewe haiwezekani. Tangu Android 10 itoke mwaka 2019, simu yoyote iliyokwisha kuunganishwa huweza kuonyesha kile kimraba cha vidoti, na simu ya pili ikikipiga picha imeingia, hakuna aliyetamka neno. Binti wa nyumba kubwa akimwonyesha rafiki yake, na rafiki akamwonyesha kaka yake, mtaa mzima uko ndani kabla ugali haujaiva. Mwenye parseli alijibu kwamba atasoma orodha ya vifaa kwenye ruta na kufunga asivyovijua. Asome tu. Simu za siku hizi hujipa anwani ya kubuni kwa kila mtandao, na kijana mwenye udadisi akibadili mpangilio mmoja huonekana kama mtu mwingine kabisa. Utamfunga asubuhi, mchana yuko ndani.

Zaidi ya hayo, kwa niliyoyaona mimi, anayemaliza mega zetu si mgeni wa mtaani. Ni simu zetu wenyewe, tena zikiwa zimelala mezani hazijaguswa na mtu. Hili ningependa kila anayechangia Wi-Fi alielewe vizuri. Simu imeagizwa kiwandani iamini kwamba Wi-Fi haina bei. Ukiwa kwenye mega zako za mfukoni inajizuia: WhatsApp inashusha picha tu, video zinangoja uziguse, duka la programu halisasishi kitu, picha zako hazipandi kwenye hifadhi ya mbali. Ikinusa Wi-Fi tu, milango yote inafunguka. Video zote za kundi la kwaya, za kundi la familia, za kundi la wanafunzi wa zamani, zinashuka kwa pamoja. Aliyebuni utaratibu huo aliwaza nyumba ambayo bili ya intaneti haibadiliki, iwe umetumia kidogo au sana. Hakuwaza forfe ya giga kadhaa inayogawanywa na familia tano. Na kompyuta ni mbaya kuliko simu. Windows ikiamua kujisasisha yaweza kumeza giga nzima na kuendelea, huku wewe unadhani jirani anatazama filamu.

Dawa yake ipo na haina gharama. Kwenye Android unafungua jina la mtandao, unachagua uhesabiwe kama mtandao wa kulipiwa kwa kipimo. iPhone ina hali ya data kidogo kwa kila Wi-Fi. Windows ina swichi ya namna hiyo hiyo. Kisha unaingia WhatsApp na kuiwekea video zisijishushe zenyewe. Mimi nilipita mlango kwa mlango nikiwaonyesha watu, na nasema bila haya kwamba kazi hiyo ilituokolea mega nyingi kuliko ambavyo kufuli lolote lingeweza.

Jambo la pili ni kugawa kasi, si kuhesabu watu. Ruta nyingi, hata za bei ya chini, zina ukurasa wa kuwekea kila kifaa kikomo. Kama laini yenu inaleta megabiti 10 kwa sekunde na jioni kuna simu kumi, ipe kila moja megabiti 1. Kwa kasi hiyo simu ya sauti ya WhatsApp inapita bila shida, video ya YouTube ya picha ndogo inacheza, na anayetaka mpira kwa picha safi kabisa ataona unakwamakwama hadi yeye mwenyewe aridhike na picha ndogo. Hakuna haja ya kumgombeza mtu. Usiku watu wakilala kikomo kiondolewe, maana kasi isiyotumika haiwekwi akiba.

Naomba pia watu wasichanganye kode mbili. Ya kuingilia ndiyo ninayosema ibandikwe. Ile ya kufungulia kurasa za ndani za ruta ni habari nyingine, na ibadilishwe siku ile ile mashine inapotolewa kwenye boksi, kwa sababu ya kiwandani mara nyingi ni neno “admin” na kila mtoto wa mjini analijua. Kwetu inashikwa na wapangaji wawili, na nakala yake imo kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi, nyumbani kwa mwenye parseli. Akiifungua tutaiona imechanika. Na ukiwa na printa, iunge kwa waya. Yangu ilikuwa kwenye Wi-Fi, na jioni moja ikaanza kutema picha za wachezaji wa mpira, rangi tupu, ukurasa kwa ukurasa. Watoto wa nyuma walikuwa wamegundua jina lake kwenye simu ya baba yao.

Kuhusu malipo nimebishana na karibu kila mtu. Wengine wanataka mwanafunzi anayeshusha filamu alipe zaidi. Mimi nasema kila kaya ilipe sawa, kwa sababu kasi imekwisha kugawanywa sawa, na kuchunguza nani ametazama nini ni kuingia chumbani kwa watu. Lakini kaya isiyo na simu ya kisasa isilipe hata franka. Tuna mama mmoja muuza pondu mwenye simu ya vitufe. Kuna aliyetaka achange kwa sababu mwanawe aliyeko Kinshasa humpigia kwa video kupitia simu yangu. Nilikataa. Hiyo ni simu yangu na ni salamu za mtoto kwa mama yake. Siku atakapopata simu yake ya kisasa tutazungumza, naye kwa anavyojiheshimu atakuja mwenyewe na pesa mkononi.

Mahali pa kuweka mashine palituletea ugomvi mdogo. Ruta ya kadi ya simu inataka kuwa dirishani, upande wa mnara. Wi-Fi inataka kuwa katikati, juu, isizibwe. Mwenye parseli aliiweka chumbani kwake nyuma ya kabati, kisha akashangaa kwa nini watu wa nyuma hawapati kitu. Matofali ya kuchoma hupunguza mawimbi, bati huyarudisha yalikotoka, na majani ya mwembe yaliyolowa mvua nayo hunywa sehemu yake. Suluhisho letu ni waya. Ruta imehamishiwa dirishani, waya wa mtandao umepita chini ya paa hadi kwenye kifaa cha pili kilichofungwa juu ya ukuta wa katikati. Waya huo unaweza kufika mita 100, na ni nadra parseli ya Kisangani ikahitaji zaidi ya hapo. Wa vyumba vya nyuma watumie mawimbi ya gigahezi 2.4, yanapenya ukuta vizuri zaidi. Yale ya 5 yana kasi lakini huishia mlangoni.

Umeme je? Mto uliotupa jina la komini na la jimbo una mtambo wa umeme uliojengwa enzi za Wabelgiji, na bado taa zinazimika. Ruta ndogo haitaki mengi, volti 12 na ampea 1 au pungufu, kwa hiyo betri ya pikipiki na kipande cha sola vinaibeba saa kadhaa. Wekeni tu kidhibiti volti katikati, kwa kuwa betri inapochajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi, na ruta nyingine huungua.

Sasa limekuja la antena ya satelaiti. Machi 2024 ARPTC, mamlaka ya kusimamia mawasiliano, ilikuwa imekataza kutumia Starlink nchini kwa kuwa haikuwa na kibali; Mei 2025 ikatangaza kwamba kibali kimetolewa. Tangu hapo vijana wa parseli hawazungumzi kingine. Sipingi, ila niliwakumbusha kwamba antena ya kawaida hula wati 75 hadi 100, mara kadhaa ya ruta yetu, na betri ya pikipiki haitaimudu; kwamba mvua ya huku ikishuka kwa hasira mawimbi ya angani hudhoofika; na kwamba mkataba wa nyumbani hauruhusu kuuzia mtaa huduma hiyo, jambo ambalo najua kichwani mwa nani lilikuwa limeanza kuchipua.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni jina litakaloandikwa. Akaunti ni ya mtu mmoja, na wapangaji huhama. Garanti ya pango ikiisha, mtu anafunga magodoro na kuondoka. Nataka karatasi inayotaja kila aliyechanga, kiasi gani, na atarudishiwa nini akihama. Mwenye parseli anasema akaunti iwe kwa jina lake, basi yaishe. Nimemuuliza: Papa, siku ukiuza kiwanja, antena itahesabiwa pamoja na paa au pamoja na vitanda vyetu? Hajanijibu bado. Mkutano ni Jumapili baada ya misa.