Staa Anauliza "Ni Fulufremu?", Dogo Anakimbilia Mkopo

Kuna staa mmoja wa kike hapa Dar, jina kapuni, ana kaswali kamoja kwa kila mpiga picha anayemfuata kuomba kazi: "Kamera yako ni fulufremu?" Ukijibu hapana, umeisha. Kazi zako haangalii, bei haulizi.

Juzi kati dogo mmoja alimpiga picha za bethidei. Zikatoka kali, mwenyewe akaziposti zote na vimoyo juu. Jioni shosti wake akamnong'oneza kuwa kamera ya dogo ni ya sensa ndogo. Weee! Akaingia kwenye stori kulalamika eti "kapigwa". Picha zile zile za asubuhi!

Sensa ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Ya fulufremu ina milimita 36 kwa 24, saizi ile ile ya fremu ya filamu tulizokuwa tukipeleka studio kusafishwa. APS-C ni kama 23.5 kwa 15.6, za Canon zikiwa ndogo kidogo. Micro Four Thirds ni 17.3 kwa 13. Sensa kubwa inakusanya mwanga mwingi, kwa hiyo gizani chenga zinapungua, na nyuma ya mhusika panafifia kirahisi. Hilo halina ubishi. Aliyewahi kupiga harusi kwenye ukumbi wenye taa za zambarau analijua vizuri.

Ila sasa tazama wanaojitamba nayo. Wengi hela yote imeishia kwenye bodi, lenzi ni ile iliyokuja kwenye boksi, ukivuta hadi mwisho inafunguka f/5.6 basi. Dogo yeye ana APS-C ya mtumba na lenzi ya f/1.4. Hesabu ni rahisi: f/1.4 inapitisha mwanga mara 16 ya f/5.6. Mpe mwenye fulufremu haki yake, sensa yake ina eneo kama mara 2.4 ya ile ya dogo. Bado dogo anaongoza kwa karibu mara 7! Chenga ziko kwa nani hapo?

Halafu picha zenyewe zinakwenda wapi? Instagram. Kwa miaka posti ya wima pale imekuwa pikseli 1080 kwa 1350, haifiki hata megapikseli 1.5. Kamera ya megapikseli 33 inapigwa panga hadi hapo, na mashabiki wanaitazama kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Na picha ya profaili ya staa huyo, ile anayoipenda kuliko zote, ilipigwa kwa simu dirishani. Hapo sensa hakuiuliza.

Wanaosema "kazi za kimataifa" nao wapunguze. Skyfall ya 2012 ilipigwa kwa ARRI Alexa, sensa ya Super 35, ambayo iko karibu na APS-C kuliko fulufremu. Tangerine ya 2015 ilipigwa kwa iPhone 5s. Watu walilipa viingilio, wakakaa, wakatazama. Hakuna aliyesimama kuulizia milimita.

Kinachouma ni hiki. Dogo baada ya kuanikwa amechukua mkopo kwenye zile apu za riba ya kukaba koo, kanunua bodi ya fulufremu. Lenzi kali kaiuza ili aongezee. Flashi hana, betri ya akiba hana, na kila wiki rejesho linamsubiri, kwa hiyo anapokea kazi kwa bei yoyote anayotajiwa. Picha zake za sasa ni mbaya kuliko za mwaka jana, na ukumbi ukiwa na giza angeweza tu kukodi bodi kubwa kwa usiku mmoja, akarudisha asubuhi.

Na nani aliyemuuzia hiyo bodi? Mpiga picha mmoja mkubwa mjini, naye jina kapuni, mwenye darasa la wikiendi. Somo la kwanza ni kwamba bila fulufremu hujaanza kazi. Somo likiisha, bodi zake za zamani ziko mezani, zimefutwa vumbi, na wanafunzi wanapewa "bei ya kishkaji". Ya dogo ilikuwa ya pili. Ya tatu iko sokoni tangu Jumatatu.