Motokari ikigongwa, plaki na etiketi zake zinabaki wapi?

Kutoka Lubumbashi mpaka Kilwa ni karibu kilometa 350. Ukimaliza gudroni, ni udongo na mashimo, na wakati wa mvua ni matope. Kwenye barabara ya namna hii motokari zinagongana, zinapinduka, zinaingia mutaroni. Ile ambayo haikufa inavutwa mpaka kwa fundi wa toli, na kazi inaanza: nyundo, mastiki, rangi. Kisha siku kadhaa inatoka inangaa kama mupya. Mwenyewe anaangalia rangi, analipa, anaenda. Ni nani anafungua mlango kuangalia kama etiketi za kiwanda zingali pale?

Swali linaonekana dogo. Lakini ndani yake kuna usalama wa abiria, na pia haki ya mtu juu ya mali yake.

Plaki ni kitambulisho, etiketi ni mashauri

Kwa kuelewa vizuri, tutenganishe vitu viwili.

Cha kwanza ni namba ya shasi na plaki ya kiwanda. Motokari mingi za Katanga zimetoka Japani, zikatelemka Dar es Salaam, zikapita Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa. Zile zilizotengenezwa kwa soko ya Japani hazina namba ya herufi na tarakimu 17 kama za Ulaya ao Marekani. Ziko na namba fupi: alama ya modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo. Namba hiyo imegongwa ndani ya chuma chenyewe, na inarudiliwa kwenye plaki ndogo ndani ya kapo ao kwenye nguzo ya mlango. Plaki hiyo inaonyesha tena alama ya motere na alama ya rangi. Fundi anayetafuta rangi ya kufanana, jibu liko pale, na mara ingine njo ile anafunika na mastiki.

Cha pili ni etiketi za kuonya na za kushauri: ya upepo wa mipira, ya erbagi, ya aina ya mafuta. Hizo hazitambulishe motokari. Zinamwambia shofere na fundi namna ya kuitumia bila kuua mtu.

Sheria inataka nini

Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya mwendo wa barabarani unaomba kila motokari iwe na jina ao alama ya kiwanda, na namba kwenye shasi, ao kwenye bodi kama hakuna shasi. Alama hizo zinapashwa kuwa mahali pa kufikika, zisomeke bila shida, na zisiwe rahisi kuondolewa ao kugeuzwa. Congo nayo iko na sheria yake ya barabara, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978.

Marekani wamekwenda mbali zaidi. Kule, kutoa ao kufuta namba ya motokari kwa kusudi ni kosa la jinai. Fundi anayetengeneza anaachiliwa tu kama kuitoa kulihitajika kweli kwa ile kazi. Na tangu sheria ya 1984, modeli zilizoonekana zinaibiwa sana zinawekewa alama hata kwenye milango na kapo. Kipande kipya cha kubadilisha kinapewa herufi R, ili kijulikane ni cha kubadilisha. Kwa hiyo mlango uliobadilishwa hauwezi kujifanya mlango wa kwanza.

Bei ya etiketi iliyopotea

Tuanze na mipira. Etiketi ya nguzo ya mlango wa shofere inaandika, kwa mfano, 220 kPa. Ni sawa na bari 2,2. Ikiisha kufunikwa na rangi, kila mtu anajaza kwa kukisia. Mpira wenye upepo kidogo, motokari imejaa abiria na mizigo, jua kali: mpira unachemka na unaweza kupasuka.

Erbagi ni hatari ingine. Kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika 2017, iliuza erbagi ambazo zilipaswa kurudishwa kwa mamilioni. Joto na unyevu wa miaka vinaharibu baruti ya ndani, na siku ya ajali inalipuka kwa nguvu kupita kipimo na kurusha vipande vya chuma kwa mtu aliyepaswa kuokolewa. Toyota, Honda, Nissan na Mazda ni kati ya zilizoguswa. Kwa kujua kama motokari yako ni mmoja wao, kiwanda kinauliza kitu kimoja: namba ya shasi. Namba ikiwa chini ya mastiki, huwezi kuuliza.

Mwisho, makaratasi. Namba ya shasi njo inaunganisha chuma na karatasi za duane, karti roz na asiransi. Ukija kuuza, ao ukigongwa tena na kuomba kulipwa, namba isiyosomeka ao isiyofanana na karti roz inakugeuza kuwa mutu wa kushukiwa, hata kama ulinunua kwa jasho lako. Hatari inazidi kama nusu ya mbele imetoka kwa motokari ingine iliyokufa: pengine imekuja na namba yake. Na kuhamisha plaki kutoka kwa maiti ya motokari mpaka kwa ingine njo njia wezi wanatumia kuficha mali ya watu.

Kosa si la fundi peke yake

Fundi analipwa kwa umbo na rangi. Etiketi imeandikwa kijapani, mwenyewe haiulizie. Kama kwenye bariere ao kwenye kontrole tekniki wanaangalia karatasi tu bila kufungua kapo na kulinganisha namba, fundi ataogopa nini?

Lakini kuna vitu havingoje serikali. Mbele ya kuacha motokari kwa garaje, piga picha za namba ya shasi, plaki na kila etiketi. Patana na fundi azifunike na skochi mbele ya kupiga rangi. Plaki ikitoka, irudishwe kwa motokari ileile. Namba ya shasi ikiharibika, usigonge ingine wewe mwenyewe: peleka jambo kwa wakubwa wa usafiri, na picha mkononi. Etiketi ya upepo ao ya erbagi inaweza kuagizwa kwa muuzaji wa kiwanda. Ikikosekana, andika vipimo vilevile kwa rangi isiyofutika, kwa lugha shofere anasoma.

Siku ya kuchukua motokari, fungua mlango na kapo, soma namba, linganisha na karti roz. Kisha njo ulipe.