Nyumba ya Zamani: Je, Tunaweza Kuikarabati?



Mwezi huu tuzungumze juu ya nyumba za zamani. Familia nyingi zinayo nyumba ya namna hii: ile waliyoiacha wazazi kijijini au pembezoni mwa mji, yenye kuta za matofali ya udongo, mabati yaliyoliwa na kutu na sakafu iliyochimbika. Kodi ya pango inapopanda, baba husema, "Kwa nini tusiikarabati ile ya wazee, tukahamia?"

Wazo hilo ni jema. Lakini bei ya mabati na saruji si gharama yote. Gharama kamili ni pamoja na kile kitakachopungua mezani, shuleni na hospitalini wakati fundi yuko kazini. Bwana Yesu naye, katika Luka 14, alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu. Basi na sisi tuketi, tuulize maswali manne.

1. Nyumba ni ya nani?

Swali hili huogopwa, maana laonekana kama kuwakosea heshima wakwe. Hata hivyo lazima litangulie kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Ikiwa wazee wamefariki na mirathi haijagawanywa, nyumba hiyo bado ni ya warithi wote. Fedha mtakazoweka humo hazitaifanya iwe yenu. Siku ndugu wakitaka kuiuza, huenda mkabaki na risiti tu mkononi, tena kama mlizitunza.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatulinda akina mama. Kifungu cha 59 kinasema mume hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa anayoimiliki bila ridhaa ya mkewe. Na mke vivyo hivyo kwa mumewe. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Lakini ulinzi huu unahusu mali ya mume na mke. Nyumba ambayo bado ni ya ukoo haimo.

Kwa hiyo zungumza kwanza na mumeo faraghani, kisha yeye ndiye aitishe kikao na ndugu zake. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama awepo. Yaandikwe wazi: nyumba imekwenda kwa nani, au aliyeikarabati atarudishiwa nini ikiuzwa. Wote watie sahihi mbele ya mashahidi. Ndugu wakikataa kuandika, mmekwisha kupata jibu, na fedha yenu bado iko salama.

2. Je, nyumba itasimama?

Kabla ya kupigia hesabu rangi na madirisha, tazameni msingi, kuta na kenchi. Chukua kisu, kichome kwenye mbao za kenchi na fremu za milango. Kikizama kwa urahisi, mbao imeoza au imeliwa na mchwa. Ukiona ufa ukutani, weka alama ya penseli pale unapoishia na uandike tarehe. Masika yakipita, rudi uangalie. Ufa uliovuka alama ni dalili kwamba ukuta bado unatembea, na kuuziba kwa plasta ni kutupa fedha.

Mwiteni fundi mwenye sifa njema, na ikiwezekana wa pili, kila mmoja atoe makisio yake kwa maandishi. Kama msingi umetitia na kuta zinahitaji kubomolewa, ulizeni pia bei ya kujenga vyumba viwili vipya mahali hapo hapo. Mara nyingine kipya kidogo ni nafuu kuliko cha zamani kikubwa.

3. Afya ya watoto je?

Sisi wauguzi tunalo neno hapa. Mabati mazito ya kijivu, yanayofanana na saruji, huenda ni ya asbesto. Vumbi lake likivutwa huharibu mapafu na laweza kuleta saratani, na ugonjwa huweza kuchukua miaka mingi kabla ya kuonekana. Msiyavunje, msiyakate kwa msumeno, wala msiezekee vipande vyake jikoni au bandani mwa kuku. Mwoneni afisa afya wa halmashauri kabla ya kuyagusa. Rangi za zamani nazo huenda zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Zikikwanguliwa, watoto na mama mjamzito wasiwepo.

Baadhi ya matengenezo madogo yana faida kubwa. Mwanya ulio kati ya ukuta na paa ndio njia kuu ya mbu waenezao malaria. Uzibeni au uwekeni wavu. Sakafu ya saruji huwanyima funza mahali pa kuzaliana na husafishika kwa urahisi. Jiko lipate tundu la kutolea moshi.

4. Fedha itatoka wapi?

Chukueni daftari. Andikeni mapato ya mwezi, kisha toeni chakula, kodi, karo, nauli, matibabu na sadaka. Kinachobaki ndicho cha ujenzi, wala si zaidi.

Tuseme inabaki shilingi 150,000 kwa mwezi, na kazi ya paa inahitaji 3,000,000. Mkikopa fedha hiyo kwa miaka miwili, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka juu ya mkopo wote, riba itakuwa 1,080,000. Mtarudisha 4,080,000, yaani 170,000 kila mwezi. Hizo 20,000 zinazopungua kila mwezi zitatoka kwenye chakula au dawa. Lakini mkiweka 150,000 kila mwezi, baada ya miezi 20 mnazo 3,000,000 bila deni. Bei zaweza kupanda wakati mnangoja. Basi nunueni vifaa visivyoharibika kidogo kidogo kama mnapo pa kuvitunza. Saruji isinunuliwe mapema, maana huganda.

Juu ya makisio ya fundi ongezeni angalau sehemu moja ya kumi, maana nyumba ya zamani haikosi kasoro iliyojificha. Kama hesabu haifiki bila nyongeza hiyo kuguswa, bado hamjaweza.

Hatua kwa hatua

Ikiwa maswali yote manne yamejibiwa vizuri, gawanyeni kazi. Kwanza paa, maana mvua huharibu kila kilicho chini yake. Kumbukeni, bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30. Msiezue paa la zamani kabla ya mabati yote mapya na misumari yake kufika. Baada ya paa, choo na maji. Kisha sakafu na madirisha. Rangi iwe ya mwisho. Kila hatua iishe ndipo inayofuata ianze, ili fedha ikikatika katikati, watoto wawe wanalala pakavu.

Na kama hesabu imekataa, mama, usione haya kumwambia mumeo kwa upole, "Mwaka huu tupange tu." Mwonyeshe daftari. Zibeni mahali panapovuja ili kuta zisianguke, endeleeni kuweka akiba, na mwakani mketi tena.

Tunawatakia amani majumbani mwenu.