Barua ya wazi kwa Kamishna wa Uhifadhi: Kelele za Mikumi nazo zihesabiwe

Kwa Kamishna wa Uhifadhi,
Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA).

Nakala: Mtendaji Mkuu, Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS).

YAH: KELELE ZA BARABARA KUU NDANI YA HIFADHI YA MIKUMI

Ndugu Kamishna,

Wasafiri wa barabara ya Morogoro–Iringa wanakijua kibao cha faini pale Mikumi: ukigonga swala utalipa kiasi hiki, ukigonga twiga kiasi kile. Utaratibu huo ni mzuri, ila unamtambua mnyama aliyegongwa tu. Yule aliyehama penye maji na malisho kwa sababu malori hayanyamazi hana bei kwenye kibao hicho. Nakuandikia kwa niaba yake.

Barabara hii inaikata hifadhi kwa takriban kilomita 50, nayo ndiyo njia ya shehena za Zambia, Malawi na Kongo zitokazo bandari ya Dar es Salaam. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, saa za utulivu zimezidi kupungua.

Utaambiwa kwamba wanyama wameshazoea, maana tembo na twiga huonekana kandokando ya lami. Hoja hiyo isikutulize. Mwaka 2012 watafiti nchini Marekani walifunga vipaza sauti kwa urefu wa nusu kilomita katika eneo la Idaho lisilo na barabara, wakavitumia kurusha sauti za magari zilizorekodiwa. Hapakuwa na gari, moshi wala taa. Hata hivyo idadi ya ndege ilishuka kwa zaidi ya robo, na miongoni mwa waliobaki wapo walioshindwa kunenepa inavyotakiwa kwa safari yao ya kuhama. Kumbe mnyama anaweza kubaki mahali na bado akaumia. Asiyeweza kumsikia adui yake hulazimika kumtafuta kwa macho, na muda wa kuangaza macho ni muda wa kula uliopotea.

Kwa tembo jambo hili ni zito zaidi. Katika miaka ya 1980, mtafiti Katy Payne na wenzake walibaini kuwa tembo huwasiliana kwa mngurumo wa chini mno, ambao sikio la binadamu haliwezi kuunasa. Mngurumo huo hufika kilomita kadhaa, na hufika mbali zaidi jioni na usiku, hewa ya karibu na ardhi inapopoa. Injini ya lori kubwa nayo hunguruma huko huko chini. Kwa hiyo saa ambazo familia za tembo wa Mikumi zingesikilizana vizuri kuliko zote ndizo saa ambazo malori yanaingilia mazungumzo yao.

Matuta na rasta vimewekwa kupunguza mwendo, na bila shaka vimeokoa wanyama wengi. Lakini kila lori linapofika kwenye tuta, dereva hushika breki ya injini, kisha hubadilisha gia na kukanyaga mafuta upya, huku tela tupu likigongana vyuma. Tuta linalopunguza vifo linaongeza kelele palepale. Tukiendelea kuongeza matuta bila kupima sauti, tutakuwa tunatibu huku na kujeruhi kule.

Ninaomba mambo matatu. Kwanza, kelele zipimwe. Vinasa sauti viwekwe kwenye mabwawa na malishoni, karibu na mbali na barabara, kwa mwaka mzima, na takwimu zake zilinganishwe na idadi ya wanyama wanaofika hapo.

Pili, mwendo udhibitiwe kwa muda kabla ya kufikiria matuta mapya. Gari lisajiliwe likiingia na likitoka. Kwa kilomita 70 kwa saa, kilomita 50 zinahitaji dakika 43 hivi. Atakayewahi kutoka alipe.

Tatu, usiku upewe nafasi ya kupumua. Huko kwenye hifadhi ya Bandipur, India, magari yamezuiwa kupita usiku tangu mwaka 2009, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi, isipokuwa ya dharura na mabasi machache. Najua sisi hatuwezi kuifunga njia inayolisha nchi jirani. Tunachoweza ni kuyakusanya malori nje ya hifadhi na kuyapitisha kwa misafara, ili kati ya msafara na msafara pawe na ukimya wa kutosha wanyama kusikilizana, kuvuka na kunywa maji.

Hakuna ombi hapa linalohitaji barabara mpya. Tunahitaji kusikia kutoka kwako, hadharani, nani atapima kelele hizo, ataanza lini, na wananchi watayapata wapi matokeo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msafiri wa barabara ya Morogoro–Iringa